Ua la Nywele Bila Sindano, kwa Wanga Ule Ule wa Kaptura

Askari anayelifungua gazeti hili kwa ajili ya habari za michezo huenda akataka kuupita upesi ukurasa wa leo, kwa kuwa unahusu maua ya kitambaa ya kuwapamba watoto wa kike kichwani. Namsihi asiupite. Kazi nitakayoieleza huanzia katika wanga, kitu ambacho kambi zetu zilikijua kwa miaka mingi wakati kaptura za kaki zilipotakiwa kusimama zenyewe kama mbao. Na aliyenifaa kuliko wote nilipokuwa nikijifunza hakuwa fundi wa kushona, bali mume wangu, ambaye amepiga pasi sare zake kwa mkono wake tangu siku za chuo cha mafunzo.

Mimi sindano ilinishinda tangu ningali shuleni. Uzi ukiingia tunduni, mkono huenda upande. Mkono ukinyooka, uzi hufunga fundo. Basi ilipotangazwa arusi ya sajini mmoja wa kambi yetu, na binti yangu wa miaka tisa akachaguliwa awe mmoja wa watoto watano wa kumtangulia bibi arusi, furaha yangu ilichanganyika na hofu. Kila mtoto alitakiwa avae ua jeupe kichwani. Ua moja la dukani liliuzwa kwa bei iliyotosha kununua sukari ya nyumba yetu kwa wiki nzima. Jirani yangu, mke wa konstebo na mama wa watoto sita, alinijia jioni ile akasimama mlangoni bila kuketi. Alisema, “Dada, kama ni kununua, wangu atajiondoa. Nitasema anaumwa.”

Mtoto huyo alikuwa nyuma yake, ameshika khanga ya mama yake, na alisikia kila neno. Hapo ndipo nilipojitia katika kazi nisiyoijua, nikasema maua yote matano nitayatengeneza mimi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mshumaa. Nilikuwa nimewaona watu wakikata utepe wa satini, wakiubabua ukingo wake kwenye mwali ili nyuzi zisifumuke, kisha wakaubana ungali moto hata ukashikana. Nikafanya hivyo usiku, umeme ukiwa umekatika, binti yangu akinishikia kurunzi. Yafaa ijulikane kwamba tepe za siku hizi, hata zikiitwa satini, aghalabu hufumwa kwa poliesta. Poliesta haiungui kama pamba. Kwanza huyeyuka, karibu na nyuzi 260 za sentigredi, na tone lake likishika ngozi halipanguki. Lilinidondokea kwenye kidole cha shahada na kovu lake lingalipo. Lakini kilichonitisha zaidi ni kugundua kwamba kichwa cha mtoto, chenye nywele zilizotoka kupakwa mafuta, kilikuwa umbali wa shibiri moja tu kutoka kwenye ule mwali.

Siku hizi viko pia vile vifaa vya umeme viitwavyo bastola za gundi, bastola pekee isiyohitaji kuandikishwa ghalani. Gundi yake ni kijiti cha plastiki kinachoyeyushwa. Zile kali zaidi hufikia nyuzi 190 hivi. Mtu mzima mwenye meza pana na umeme wa kuaminika aweza kuitumia vizuri. Katika chumba kimoja chenye watoto wanaotambaa, mimi siishauri. Na ikiwa gundi hiyo au tone la poliesta limemshika mtu, usilivute, kwa maana litang'oka pamoja na ngozi. Mahali pale pawekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe zahanati. Dawa ya meno, siagi na mafuta ya taa si dawa ya moto, ingawa kila kambi ina mzee anayeziapia.

Baada ya kidole changu kufungwa kitambaa nilikumbuka jambo nililowahi kulisoma juu ya Japani. Wajapani wana kazi ya mikono iitwayo tsumami zaiku, yaani kazi ya kubana kwa ncha za vidole, nayo ilistawi katika enzi ya Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868. Kwa kazi hiyo hutengenezwa mapambo ya nywele yaitwayo kanzashi. Fundi hukata hariri nyepesi katika miraba midogo, hukunja kila mraba kwa kibano mpaka uwe petali, kisha huzisimamisha petali hizo safu kwa safu juu ya ubao uliopakwa gundi. Zikishakunywa gundi huzihamishia kwenye kitako kimoja baada ya nyingine, na hapo ua huumbika. Kushona petali hakumo. Na gundi yenyewe hutokana na mchele.

Katika mji wa Kyoto, wasichana wanaofunzwa kuwa geisha, waitwao maiko, hubadili maua hayo kila mwezi: mwezi wa pili huvaa ya mti wa plamu, mwezi wa nne ya cheri, mwezi wa kumi ya krisanthemu, na wa kumi na moja majani mekundu ya mepo. Aijuaye kalenda hiyo aweza kumtazama msichana kichwani akajua ni mwezi gani. Watoto nao wana siku yao, tarehe 15 Novemba, ambapo wasichana wa miaka mitatu na wa miaka saba hupelekwa hekaluni kuombewa, na wengi wao huwa na maua ya namna hiyo nyweleni.

Nilipomweleza mume wangu habari ya gundi ya mchele, alicheka. Akasema, “Huo si wanga tu? Kama ulisimamisha kaptura ya mzee wangu kutoka gwaride la asubuhi hadi la jioni, utashindwa na ua?” Akaingia jikoni mwenyewe.

KUPIKA WANGA

Mchele si lazima. Unga laini wa muhogo, ambao haukosekani katika soko lolote la Uganda, watosha, ilmradi uchekechwe kwa kitambaa chepesi ili chembe zote ngumu zibaki juu. Chukua vijiko vitatu vya mezani vya unga huo, uvuruge katika robo kikombe cha maji baridi mpaka usione donge. Chemsha robo tatu za kikombe cha maji, umimine ule mchanganyiko humo kidogo kidogo huku ukikoroga bila kupumzika. Moto uwe mdogo. Kwa dakika chache utaona rangi yake nyeupe kama maziwa ikigeuka na kuwa kama kioo chenye ukungu, na mwiko utaanza kuwa mzito. Hapo umeiva. Ukiuepua mapema, wanga hautashika, nao ukikauka utapukutika kama chokaa. Hili ndilo kosa la wengi.

Tia kijiko kidogo cha siki ili usichache upesi, ufunike, uache upoe kabisa. Hutumika kwa siku mbili au tatu. Ukianza kunuka, mwaga upike mwingine, maana gharama yake ni ndogo kuliko ya kiberiti.

Sehemu ya wanga huo, kama vijiko viwili, iyeyushwe katika kikombe kizima cha maji. Huo mwepesi ni wa kulowekea kitambaa. Kitambaa kichovywe humo, kikamuliwe kidogo, kianikwe, na kabla hakijakauka kabisa kipigwe pasi. Hapa ndipo mume wangu alipoonyesha elimu yake. Kitambaa kilitoka kimekakamaa kama karatasi ya daftari, kikakatika kwa mkasi bila kuacha nyuzi zikining'inia. Wengi hudhani mkasi wa bei kubwa ndio dawa ya kingo zinazofumuka. Kitambaa kikiwa na wanga, mkasi wowote ulionolewa wafaa.

KITAMBAA GANI

Pamba ndiyo bora kwa gundi ya wanga, kwa sababu nyuzi zake hunywa maji na kushikana. Poliesta na nailoni ni teleze. Wanga hukauka juu yake na kubanduka kama ganda la kidonda. Ikiwa hujui ulicho nacho mkononi, vuta uzi mmoja tu, uushike kwa kibano juu ya sinki au sahani ya bati, watoto wakiwa mbali, uuwashe. Uzi wa pamba utanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Wa poliesta utajikunyata na kuacha shanga ngumu nyeusi.

Vipande hupatikana bila ya kununua. Mafundi cherehani, mathalani wale wa Kiyembe katika jiji la Kampala, huwa na mafurushi ya mabaki ya kitenge chini ya meza zao, nao hufurahi mtu akiwapunguzia. Kipande chenye sentimita 20 kwa 30, ambacho fundi hukiona ni takataka, hutoa miraba 15 ya sentimita sita, yaani maua matatu ya petali tano. Kwa ajili ya arusi yetu nilitaka nyeupe. Nikachukua shati la shule lililokwisha ukosi lakini mgongo wake ulikuwa bado mzima: eneo la sentimita 30 kwa 30 lilitupa miraba 25, na hiyo ndiyo hesabu kamili ya maua matano.

Neno moja kwa wenyeji wa kambi. Sare ya jeshi au ya polisi, hata iwe imechanika namna gani, ni mali ya serikali, wala si kitambaa cha maua. Najua rangi yake ya majani huvutia. Mtoto akionekana sokoni na kipande cha sare kichwani, atakayeulizwa ni baba yake, na jibu la kwamba lilikuwa ua tu halitamsaidia.

Kata miraba kwa kufuata nyuzi za kitambaa, za mtande na za mshindio, wala si kwa mshazari. Mraba uliokatwa mshazari hukunjika vibaya na petali yake huinamisha kichwa upande mmoja. Ukiwa na shaka, vuta uzi mmoja kutoka ukingoni. Njia utakayoiona imebaki ndiyo mstari wa kukatia.

KUKUNJA

Weka mraba mbele yako umesimama kwa kona, kona moja ikikuelekea wewe. Ikunje kona hiyo iende juu ikutane na mwenzake, upate pembetatu. Sasa ichukue kona ya kulia uilaze juu ya ile ya kushoto. Pembetatu imekuwa ndogo zaidi, ina kona moja pana na mbili kali. Zikutanishe hizo kona mbili kali kwa kukunja mara ya tatu. Kazi imekwisha. Ile kona iliyokuwa pana imegawanyika na kuwa ncha, na ukiichunguza utaona haina ukingo mbichi hata mmoja, kwa kuwa ndiyo kitovu cha mraba wako wa mwanzo. Hiyo ndiyo ncha ya petali. Kingo zote mbichi zimekusanyika upande unaoikabili, nao ndio utakaozamishwa katika gundi na kufichwa. Kila nikiikunja huona ajabu kwamba sindano haina pa kuingilia.

Sawazisha kingo mbichi kwa mkasi, uzichovye katika wanga mzito kwa kina cha ukucha, uzibane kwa vidole huku ukihesabu hadi thelathini. Kitenge kizito huhitaji hadi hamsini, na miraba yake iwe ya sentimita saba, kwa sababu baada ya mikunjo mitatu unabana tabaka nane. Laza petali juu ya mfuko wa plastiki uliotandazwa, uendelee na nyingine. Zikifika tano, ya kwanza imekwisha kuanza kushika.

Petali yaweza kuachwa kama ilivyo, nyembamba na kali, au ikafunguliwa kidogo kwa kidole tabaka zake zikaachana, ikawa nene. Kwa maua ya arusi nilizifungua. Mke wa konstebo, ambaye kufikia hapo alikuwa ameketi nasi na amekunja petali kumi katika muda niliokunja nne, alisema ziachwe kali. Tulifanya nusu kwa nusu, na nakiri zake zilipendeza zaidi.

KITAKO NA KIBANIO

Kitako ni duara la kitambaa kizito lenye upana wa sentimita nne. Suruali kuukuu ya jinzi ndiyo bora. Hapa paliponitatiza ni namna ya kupanga petali tano zikalingana, maana nikianza vizuri, ya tano hukosa nafasi. Mume wangu alitazama kwa muda, akaenda kuleta kalamu. Alisema duara lina nyuzi 360, petali ni tano, basi kila petali ina nyuzi 72. Akatia alama kwenye 0, 72, 144, 216 na 288, kama mtu anayesoma dira porini. Tangu siku ile hatukupata ua lililokwenda upande. Askari yeyote aliyewahi kufundishwa kusoma ramani aweza kumfanyia mkewe kazi hii kwa dakika mbili, na kwa ua la petali sita ni rahisi zaidi, nyuzi 60 kila moja.

Paka wanga mzito juu ya duara, upande petali kwa kufuata alama, ncha zikitazama nje na kingo zilizobanwa zikikutana katikati. Katikati hapo hubaki shimo dogo lisilopendeza. Wengine hubandika kifungo cha shati au shanga. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu usifanye hivyo kamwe, kwa kuwa kifungo kilichobanduka hakichelewi kufika kooni. Badala yake chana ukanda mwembamba wa kitambaa cha njano, ufunge fundo moja katikati yake, upitishe ncha zake mbili katika mkato mdogo wa kitako, uzifunge kwa nyuma. Fundo hilo halitegemei gundi.

Kwa hoja hiyo hiyo, usijaribu kubandika ua juu ya chuma cha kibanio kwa wanga. Wanga haushiki chuma. Nyuma ya ua kata duara jingine la jinzi la ukubwa ule ule, ulipasue mikato miwili inayolingana, sentimita moja kati yake, upitishe mkono wa juu wa kibanio katika mikato hiyo kama mkanda unavyopita katika vitanzi vya suruali. Kisha duara hilo libandikwe nyuma ya lile la kwanza. Kibanio hakiwezi kuchomoka, na kikiharibika hutolewa na kingine kikaingizwa. Ukitaka mpira wa nywele, mikato hiyo hiyo hufaa.

Sasa nitasema udhaifu wa kazi hii. Wanga hauipendi mvua. Ua letu la majaribio lilivaliwa na binti yangu alipotumwa bombani kukiwa na manyunyu, nalo likarudi limefunguka kama kabichi lililochemshwa. Arusi ilikuwa mwezi wa Aprili, katikati ya mvua. Ndipo tukakubaliana kwamba petali zikunjwe na kubanwa kwa wanga, lakini zinapounganishwa na kitako tutumie gundi nyeupe ya maseremala, ambayo huuzwa katika chupa ndogo na hukauka bila rangi. Gundi hiyo nayo hulainika ikilowa muda mrefu, ila hustahimili zaidi. Chupa moja ndogo ilitosha maua yote na ikabaki. Wenye kuishi mahali pakavu hawana haja nayo.

Ukaushaji usiharakishwe. Ua likae usiku kucha mahali penye hewa na kivuli, na wakati wa mvua likae usiku wa pili. Lisiwekwe juu ya jiko. Tena lisifungiwe katika mfuko wa plastiki lingali na unyevu, kwa maana litaota ukungu. Likishakauka, lihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko. Mende ni mpenzi mkubwa wa wanga. Ua lililoachwa wazi kabatini hukutwa asubuhi limetafunwa kingo, na mwenye nyumba akamshuku mtoto bure.

KICHWA CHENYEWE

Ua jepesi likifungwa vibaya hudhuru kuliko zito lililofungwa vizuri. Nywele za mbele, karibu na paji la uso, ni dhaifu. Zikivutwa kila siku kwa kibanio au kwa misuko iliyokazwa, hukatika, na mvuto ukiendelea miaka, mashina yake hufa na upara hubaki. Ua libanwe nyuma kidogo, penye msuko mnene, na lisilaliwe. Watoto wachanga wenye ukanda wa mpira kichwani wavuliwe kabla ya kulala. Na gundi ya aina yoyote isipakwe moja kwa moja kwenye nywele au ngozi ya kichwa. Nimeona mtu akifanya hivyo, dawa yake ikawa mkasi.

Shule zetu nyingi hutaka nywele za wanafunzi ziwe fupi, nazo nywele fupi hazishiki kibanio. Kwa watoto hao twafunga ua juu ya tao la plastiki la kichwani, au juu ya ukanda wa kitambaa uliofungwa kisogoni, na hungoja likizo au siku ya ibada. Binti wa konstebo alikuwa na nywele za namna hiyo. Tuliuzungusha ukanda wa kitenge kwenye tao, tukaufunga fundo pembeni na ua likakaa juu ya fundo.

Siku ya arusi mvua ilianza wakati maharusi wanatoka kanisani, kama tulivyohofu. Watoto watano walikuwa wamekwisha kutangulia, maua yao vichwani, na mke wa konstebo alisimama karibu nami akiwa ameshika mwavuli ambao hakuufungua kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kichwa cha mtoto wake. Petali moja ya ua la binti yangu ililegea. Ya wengine yalisimama mpaka keki ikakatwa. Hakuna aliyeuliza yamenunuliwa wapi, isipokuwa mama wa bibi arusi, aliyetaka kujua kama twaweza kumtengenezea kumi kwa ajili ya arusi nyingine.

Tukatengeneza kumi, na baada ya hapo tukaanza kutafuta maua yetu wenyewe badala ya yale ya Kyoto. Ua la kahawa ya arabika, ile ya Mlima Elgon, ni jeupe na lina petali tano, nalo hutoka vizuri kwa miraba ya sentimita tatu, matatu yakiwa yamekusanyika juu ya kitako kimoja. Ua la pamba huchanua na rangi ya maziwa, na siku ifuatayo hugeuka la waridi. Tulifanya la kwanza kwa kitambaa cheupe kilichochovywa katika chai hafifu, na la pili kwa khanga kuukuu. Kuutengeneza mpamba kwa pamba yenyewe kulimfurahisha sana mke wa konstebo, ambaye wazazi wake waliilima.

Tulijaribu pia nguo ya gome, ile itengenezwayo na Waganda kutoka kwa mti wa mutuba kwa kugongwa kwa nyundo za mbao. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2005, na ikaiingiza katika orodha yake mwaka 2008. Kwa maua ina faida isiyopatikana katika nguo nyingine: haikufumwa, kwa hiyo haina nyuzi za kufumuka, na petali yaweza kukatwa kwa umbo lolote bila kukunjwa. Ila huchanika upesi ikivutwa. Na ina heshima yake, kwa kuwa ndiyo iliyowavika wafalme na ndiyo inayowafunika wafu. Bibi mmoja aliuona utepe wa gome kichwani mwa mtoto akanyamaza kwa namna ambayo ilitosha kunijulisha. Nashauri mwulize kwanza mzee wa nyumba yenu.

Mwaka uliofuata konstebo alipata uhamisho kwenda Moroto. Wasomaji wa ukurasa huu wanajua uhamisho ulivyo: bustani ya sukuma wiki huachiwa jirani, kuku huuzwa kwa bei ya kutupa, na biashara ya mama, kama alikuwa na kibanda, huanza upya mahali asipojulikana. Mkewe alipakia magodoro, sufuria na kopo moja la biskuti. Ndani ya kopo mlikuwa na miraba mia mbili iliyopigwa pasi, duara la karatasi lenye zile alama tano, mkasi na kibano.

Ujumbe wake wa kwanza wa simu ulinijia baada ya wiki tatu. Alisema huko jua ni kali, wanga hukauka kabla ya chai kuchemka, na gundi ya maseremala hajaihitaji. Mabaki ya kitambaa amekwisha kuyapata kwa fundi wa karibu na kambi. Alichokikosa ni vibanio. Akaniomba nimtumie dazeni mbili, vile vya chuma vyenye mkono mrefu, kwa basi la Ijumaa.